Uchaguzi Mkuu wa Kibokoni

TANGAZO RASMI KWA WATU WOTE. Kwa kuwa ndugu zetu Wapalestina wamekaa takriban miaka ishirini bila uchaguzi mkuu; na kwa kuwa wazee wa baraza hili wamekuwa wakiwaendeshea mambo yao kila siku baina ya Alasiri na Magharibi, bila mshahara wala shukrani; basi inatangazwa kwamba kiongozi wa Palestina atachaguliwa hapa hapa Kibokoni, siku ya Alhamisi, mara baada ya sala ya Alasiri. Wagombea ni Mzee Badawi na Mzee Yeslam. Waangalizi wa kimataifa wanakaribishwa. Kahawa itakuwepo.

Hayo ndiyo maneno yaliyowakuta wazee wa Kibokoni asubuhi ya Jumatatu, yameandikwa kwa chaki, herufi zimenyooka kama askari wa gwaride, kwenye ubao wa matangazo uliopigiliwa ukutani juu ya baraza. Yalikuwa maneno mazito. Yangekuwa mazito zaidi lau chini yake pasingekuwa na tangazo jingine, la tangu Ramadhani, lisemalo: "Amepotea paka mweupe, mkia mweusi, mpole. Atakayemuona amrudishe kwa Bi Nabiha." Msomaji mwenye haraka angeweza kudhani paka ndiye mgombea wa tatu, na wapo waliosema baadaye kwamba hata angeshinda.

Mgeni atauliza kwa nini tangazo la paka lilikuwa halijafutwa miezi yote hiyo. Ubao ule una sheria zake, na sheria zake hazina rufani. Kilichoandikwa hakifutwi mpaka kitimie: maiti azikwe, arusi iliwe, aliyepotea apatikane. Na aliyeandika ndiye mwenye neno la mwisho juu ya alichokiandika, na ni yeye peke yake awezaye kukifuta. Kwa kuwa mwandishi siku zote ni Maalim Khubaib, mwalimu mstaafu wa chuo cha Kurani ambaye ukuta ni wake na chaki ni zake, hakuna aliyewahi kuiona sheria hiyo ya pili ikifanya kazi.

Lakini safari hii mwandishi hakuwa Maalim Khubaib. Alikuwa Swabaha, mjukuu wa Mzee Badawi na Bi Nabiha, msichana wa miaka kumi na saba mwenye akili pana, sura ya kupendeza na tabia njema, ingawa juu ya hili la mwisho walimu wake wana maoni tofauti. Swabaha husoma shule ya bweni kule bara, kidato cha tatu. Muhula uliopita alibandika tangazo kwenye mlango wa bwalo la chakula kwamba, kwa kuwa wadudu wa maharagwe sasa ni wengi kuliko wanafunzi, wameruhusiwa kuchagua kiranja wao. Kwa adhabu alisugua masufuria ya shule mpaka akaiona sura yake humo, na akaridhika nayo. Sasa alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na likizo ndefu ni hatari kwa mtu wa namna hiyo.

Sababu alikuwa nayo. Tangu vita vya Gaza vianze, baraza la Kibokoni lilikuwa halina mazungumzo mengine. Babu yake, Mzee Badawi, aliyekuwa karani wa forodha na ambaye hadi leo hawezi kusoma hata gazeti bila kutafuta muhuri, alikuwa upande wa Fatah na serikali ya Ramallah: mikataba, mabalozi, Umoja wa Mataifa. Mzee Yeslam, muuza tende na ubani, ambaye babu zake walikuja kutoka Hadhramaut na ukaidi wao wakauleta mzima mzima, alikuwa upande wa Hamas. Wengine wote walijigawa nyuma ya wawili hao. Hata mabomu yaliposemekana kusitishwa, barazani hayakusita.

"Bila meza ya mazungumzo hakuna nchi!" husema Mzee Badawi.

"Meza hiyo mmeikalia miaka thelathini, Badawi. Imeliwa na mchwa!"

"Na nyinyi je, mmewapatia nini watu? Makaburi!"

"Mimi sikuwapatia chochote, mimi nauza tende!"

Na Swabaha, aliyekuwa akitumwa na birika ya kahawa, alikuwa ameona jambo moja. Kila jioni, katikati ya kelele hizo, alipita Bi Intisar na kikapu chake cha sokoni. Bi Intisar ni mke wa Salem, mtoto wa Mzee Yeslam, injinia wa meli ambaye miezi mingi huwa baharini. Kwao ni Khan Yunis, Gaza. Alikuwa ndiye Mpalestina pekee katika mtaa mzima. Wazee walimwamkia kwa heshima, wakamuuliza, "Mama hajambo huko?" na kabla hajajibu walikuwa wamesharudi kugombania mpaka wa nchi yake upite wapi.

Hilo ndilo lililomkera Swabaha. Basi alfajiri ya Jumatatu, Maalim Khubaib akiwa msikitini, akachukua chaki kwenye kopo la maziwa la Maalim, akaiga mwandiko wake, akaandika. Alitazamia wazee waone haya kidogo na wacheke. Akakaa dirishani kungojea.

Hawakucheka. Mzee Badawi alisoma, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. "Jina langu limewekwa mbele," akasema, na kifua kikamjaa. Mzee Yeslam naye akasema mbele huwekwa wa kushindwa. Alipofika Maalim Khubaib wote wakamgeukia. "Maalim, kumbe waweza siasa!"

Maalim akautazama ubao muda mrefu. Akalitazama kopo lake. "Ubao umeshasema," akajibu, akakaa, akaomba kahawa.

Basi kampeni zikaanza. Mzee Badawi akavaa kofia yake ya vito ya Idi siku ya Jumatatu. Mzee Yeslam akagawa tende kwa kila apitaye, Mzee Badawi akaita hiyo rushwa, kisha akala tano ili, kama alivyosema, auharibu ushahidi. Mmoja aliahidi bandari, mwingine aliahidi kutopiga magoti. Swabaha alikuwa hajapata kufurahi hivyo maishani mwake, na furaha hiyo ilidumu mpaka Jumanne alasiri, alipokuwa juu ya nyumba akianika nguo na kusikia hatua ngazini.

"Swabaha! Njoo hapa, usinikimbie."

Alikuwa Bi Intisar. Kiswahili chake alikuwa amefundishwa na marehemu mama mkwe wake, na kwa kuwa bibi yule alizungumza naye zaidi jikoni, kilikuwa nusu mapishi na nusu makaripio.

"Abee, Bi Intisar."

"Lile tangazo. Ni mzaha, siyo?"

Swabaha aliwahi kusimama mbele ya mwalimu mkuu akakana makosa matatu kwa pumzi moja. Sasa alipata neno moja tu. "Sijui," akasema.

"Mimi najua. Ni mzaha. Mzaha mzuri, nimecheka." Uso wake haukuwa na dalili ya kucheka. Alishika ncha ya shuka lililoanikwa, akainyoosha kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta. "Lakini nauliza. Kutakuwa na karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Ya kura. Na sanduku la kufuli. Na pahali pa kujificha, mtu aandike peke yake. Na wino, hapa." Akainua kidole cha shahada. "Babangu alipiga kura nilipokuwa mtoto. Alivaa suti yake ya arusi! Akarudi na kidole cheusi, akakataa kunawa mikono, mamangu akamfukuza mezani. Nikasema, mimi nikikua nitakuwa na kidole kama hicho. Nikakua. Mwaka ule wa elfu mbili ishirini na moja wakasema, haya, uchaguzi upo. Nikajiandikisha. Mama akanipigia pasi nguo mpya. Kisha wakasema umeahirishwa. Mpaka lini? Hawakusema. Mimi nikaolewa, nikaja huku. Nguo ilibaki kabatini, na sasa kabati liko chini ya nyumba, na nyumba iko chini."

Swabaha alitaka kusema, "Bi Intisar, nisamehe, ni mimi." Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Karatasi zitakuwepo."

"Na sanduku?"

"La kufuli."

"Na iwe siri, Swabaha. Hilo ndilo kubwa. Kwetu ukijulikana umempigia nani, hulipi wewe, hulipa nduguzo. Ami yangu ala mshahara wa serikali ya Ramallah. Kakangu Zaki alala hemani, na majirani zake wa hema ni watu wa upande wa pili. Na juu yao kuna ndege za Israeli zisizo na rubani, nazo zasikiliza kila mtu. Jina moja likinitoka hapa Kibokoni, litafika kule kabla chai haijapoa."

"Itakuwa siri," akasema Swabaha. "Wallahi itakuwa siri."

Bi Intisar akashuka. Swabaha akabaki amekumbatia ndoo ya nguo. Alikuwa ameapa kwa jina la Mungu juu ya uchaguzi alioubuni mwenyewe, na kura moja kati ya zote ilikuwa ya kweli.

Basi akafanya kazi. Sanduku alikuwa nalo: lile la bati la shule, lenye jina lake kwa rangi nyekundu. Pembeni mwa kifuniko lilikuwa limepasuka, tangu lilipoangushwa kutoka juu ya basi pale kituoni Mwembe Tayari, na mwanya ulitosha karatasi iliyokunjwa. Akatoa nguo zote, akatia kufuli, akautundika ufunguo shingoni. Wino hakuwa nao, lakini katika droo ya bibi yake mlikuwa na piko, ile rangi nyeusi ya kuwachorea bibi arusi, isiyotoka hata usugue kwa mchanga. Pahali pa kujificha palikuwa nyuma ya mlango wa Maalim Khubaib. Alipokwenda kumuomba ruhusa, Maalim alimtazama kama alivyolitazama lile kopo.

"Wewe ndiye msimamizi wa uchaguzi?"

"Nimejitolea, Maalim."

"Mashallah," akasema Maalim. "Kujitolea ni kuzuri." Naye akamfungulia mlango.

Alhamisi ikafika. Baada ya Alasiri baraza lilijaa, na waliokosa nafasi wakasimama njiani. Simu zilikuwa nje zikirekodi, kwa ajili ya makundi ya jamaa waliotawanyika kuanzia Mukalla hadi Toronto. Kabla ya kura ya kwanza akatokea Bramwel, naibu wa chifu, kijana mpole mwenye jasho, koti limembana.

"Salaam aleikum, wazee wangu. Nimeambiwa hapa kuna mkutano wa kisiasa usio na kibali."

Mzee Badawi akasimama. Alikuwa amelingoja neno kibali maisha yake yote. "Kijana, huyo kiongozi tunayemchagua atatawala eneo lako?"

"Hapana, mzee."

"Atatawala Kenya?"

"Hapana."

"Basi kibali tutakiomba kwake akishachaguliwa."

Watu wakaangua kicheko. Bramwel akajaribu kusimama imara. "Lakini nimetumwa ubao ufutwe."

"Haufutwi!" wakasema Mzee Badawi na Mzee Yeslam kwa pamoja, kisha wakatazamana kwa chuki kwa kuwa wamekubaliana.

"Afande," Swabaha akaingilia, "asili yako wapi?"

"Vihiga."

"Umewahi kuwa na upande katika mambo ya Kibokoni?"

"Mimi? La hasha."

"Basi wewe ni mwangalizi wa kimataifa. Tangazo limekukaribisha. Kaa hapa." Akapewa kiti, kikombe cha kahawa na kipande cha halua, na Bramwel, aliyekuwa hajala tangu asubuhi, akaangalia kimataifa.

Wazee wakapiga kura. Msimamizi alikuwa amewaeleza kuhusu siri, lakini mtu wa baraza hawezi kuweka kitu tumboni. Kila aliyetoka nyuma ya mlango aliinua karatasi yake juu kama mnada. "Badawi!" "Yeslam, na wasiopenda wameze miba!" Maalim Khubaib peke yake ndiye aliyekataa kupiga, akisema mwenye ubao hana upande. Karatasi ya mwisho ilipotumbukia, kila aliye na masikio alijua hesabu. Baraza lilikuwa limegawanyika katikati kama papai, nusu huku na nusu huku.

"Sare!" akalia mtu.

"Bado," akasema Swabaha, kwa kuwa alikuwa amemuona.

Bi Intisar alikuwa akija kutoka upande wa nyumba yake, buibui limepigwa pasi, hana kikapu. Mkononi ameshika kitambulisho chake cha kwao ndani ya karatasi ya plastiki. Njia ikamfungukia yenyewe. Kelele zikashuka, na simu zikageuka zote upande wake.

Mzee Yeslam akainuka nusu. "Intisar, binti yangu, kuna nini? Hapa ni barazani."

"Nimekuja kupiga kura, baba."

"Kura gani tena? Haya ni mambo yetu ya wazee, tunajichangamsha. Rudi nyumbani, mimi nitakupigia."

"Wengi wamekwisha kunipigia kura zangu, baba. Hii napiga mwenyewe."

Mzee Badawi akakohoa kikarani. "Bi Intisar, kwa heshima zote, hapa wanawake hawakai."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kusimama."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mambo!" akanyamazishwa. Mzee Yeslam alikuwa amegeuka rangi. Mkwe wake, mbele ya watu, mbele ya simu zote zile. "Intisar," akasema polepole, "utaniaibisha."

Bi Intisar akawageukia wazee wote. "Nyinyi wazee, nawapenda, lakini mna kelele kama kuku wanaotaga! Kila siku napita hapa na kikapu. Huyu asema tia chumvi, yule asema tia ndimu. Ramallah wasema tia chumvi, Gaza wasema tia ndimu. Waisraeli wamwaga chungu chote, Wamarekani wauliza nani ataosha. Na chungu ni changu! Mamangu ndiye aliye na njaa! Hakuna, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, Intisar, wewe wataka kula nini?" Akapumua. "Sitaki mnihurumie. Mmeniombea dua, Mungu awalipe. Sasa nipisheni, mwaziba njia."

Bramwel, mwangalizi wa kimataifa, akasimama akavua kofia, na huo ndio uamuzi pekee aliouchukua siku ile, nao ulikuwa sahihi.

Swabaha akakipokea kitambulisho kwa mikono miwili. Alikitazama mbele na nyuma kwa taratibu zote, kwa kuwa kati ya wapiga kura wote wa siku ile huyu ndiye wa kwanza aliyekuwa na haki ya kura yenyewe. Akampa karatasi na kalamu. Bi Intisar akaingia nyuma ya mlango.

Akakawia. Barazani Mzee Badawi alikunja na kukunjua leso. Mzee Yeslam alitazama chini. Bi Intisar alipotoka karatasi yake ilikuwa imekunjwa na kukunjwa tena hadi imekuwa ndogo kama tambuu, na aliisukuma katika mwanya wa sanduku, akasikiliza ikianguka. Kisha akanyoosha kidole. Swabaha akakitia piko, kucha na nyama, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutia katika kazi yoyote ya shule.

Bi Intisar akakitazama kidole chake kama mtu aliyepokea mtoto. Akakipiga picha, akaituma kwa mamake.

"Haya!" Mzee Badawi akapiga makofi, sauti imemrudia. "Tufungue sanduku! Kura ya Mpalestina mwenyewe ndiyo itakayoamua!"

"Fungua, fungua!" wakaitikia. Simu zikasogea. Macho ya Mzee Yeslam yalikuwa kwenye kufuli, na kila mtu alijua anachowaza: mkwe wangu, anayekula mezani kwangu, amenipigia au amenipiga?

Hapo ndipo Swabaha alipoona. Wote walikuwa wameonyesha karatasi zao. Hesabu ilikuwa sare. Sanduku likifunguliwa, jina moja litazidi kwa moja, na moja hiyo ni ya Bi Intisar. Kabla ya Magharibi itakuwa imefika Mukalla, Toronto, Ramallah, na kwenye hema la Zaki. Akamtazama Bi Intisar, na Bi Intisar naye alikuwa ameona, kwa kuwa uso wake ulikuwa umekuwa kijivu na mkono wenye kidole cheusi ameuficha ndani ya buibui.

Swabaha akakaa juu ya sanduku.

"Sanduku halifunguliwi," akasema.

"Nini?"

"Halifunguliwi, babu."

"Ondoka hapo, mtoto! Uchaguzi gani usiohesabiwa?"

"Tangazo lilisema kiongozi atachaguliwa. Bi Intisar amechagua. Halikusema nyinyi mtajua."

"Kwa amri ya nani?" akanguruma Mzee Badawi. "Neno la mwisho juu ya tangazo ni la mwandishi. Sheria ya ubao! Maalim, ni lako. Mwambie huyu msichana ainuke!"

Wote wakamgeukia Maalim Khubaib. Maalim akamaliza kahawa yake kwanza. Akakiweka kikombe chini, taratibu, kama mtu asiyetaka kukiamsha.

"Mimi sikuandika," akasema.

Wazee wakautazama ubao upya, hata tangazo la paka, kana kwamba ndiye aliyeandika.

"Nilijua asubuhi ile ile," Maalim akaendelea. "Mkono ni wangu, umeigwa vizuri. Lakini mimi maisha yangu sijapata kuandika 'kahawa itakuwepo'. Nimengoja siku nne mwenyewe ajitokeze."

Swabaha alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kunyamaza. Watu wangegombana kuhusu nani aliandika, na katika ugomvi huo wangelifungua sanduku. Ya pili alikuwa akiikimbia tangu Jumanne. Aliangalia kidole cha Bi Intisar, ambacho sasa kilikuwa kimechomoza tena kutoka kwenye buibui, kimesimama peke yake.

"Ni mimi," akasema. "Niliiba chaki, nikaandika. Nilitaka kuwacheka, kwa sababu kila siku mwampigia Bi Intisar kelele na hamumuulizi. Bi Intisar, uliponiuliza juu ya nyumba nilikudanganya, nisamehe. Lakini siri niliyokuapia sikudanganya." Akashika ufunguo shingoni. "Mwandishi ni mimi, basi neno la mwisho ni langu. Sanduku halifunguliwi mpaka Wapalestina wenyewe wafungue la kwao, huko kwao. Na tangazo silifuti. Halijatimia. Babu, nipige ukitaka, nitapigwa nimekaa hapa hapa."

Mzee Badawi aliinua bakora. Ikakaa hewani. Ndipo Mzee Yeslam alipoinuka, akaja mpaka kwenye sanduku, akainama, akaivuta kufuli mara mbili kwa nguvu. Ilishika.

"Intisar," akasema bila kumtazama mkwe wake, "sitaki kujua."

"Sitakwambia, baba."

"Vizuri." Akamgeukia Swabaha. "Sogea, wewe mwizi wa chaki." Akakaa naye juu ya sanduku, kanzu na uzito wake wote wa muuza tende, akawaangalia wenye simu. "Haya. Nimuone wa kulifungua."

Mzee Badawi aliitazama bakora, akautazama ubao, akamtazama hasimu wake amekalia uchaguzi bila yeye. Jambo hilo hakuweza kulistahimili. "Sogea," akasema, akajibana upande wa pili. Bati likalia chini yao watatu.

Simu ya Bi Intisar ikatoa mlio. Sauti ya mwanamke ikajaa barazani, Kiarabu cha haraka, upepo wa hema nyuma yake, kicheko, kisha swali. Mzee Yeslam akacheka kabla ya wengine, na watu wakamuuliza amesemaje.

"Amesema hongera," akasema Bi Intisar, akipangusa macho kwa mgongo wa mkono ili asikiguse kidole. "Kisha auliza, umempigia nani?" Akaileta simu mdomoni, akajibu kwanza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili ili baraza zima lisikie. "Hata wewe sikwambii, mama!"

Hapa hadithi ingeisha vizuri, lakini Mwalimu Caroline, mlezi wa bweni, si mtu wa kuachiwa hadithi iishe vizuri. Siku ya kufungua shule aliona mwanafunzi mmoja anashuka basi na nguo zake ndani ya gunia la tende. Akauliza sanduku liko wapi. Akaambiwa ni habari ndefu, inayomhusu msichana mmoja wa Kibokoni, mwenye akili pana na sura ya kupendeza. Mwalimu akasikiliza yote mpaka mwisho, mikono imefungwa kifuani, kisha akasema, "Na huyo Swabaha unayemsifu hivyo, ndiye wewe?"

Ndiyo, Mwalimu. Ni mimi. Zile sifa za mwanzo nilizitia mwenyewe, na la tabia njema nalifuta kabisa. Lakini sanduku nimeliacha kwa Maalim Khubaib, kufuli mahali pake, na ubaoni tangazo langu lipo juu ya la paka, yote mawili yakingoja. Masufuria nitasugua. Ufunguo uko shingoni, na siutoi.